Kuingia kwenye kompyuta za ofisi ukiwa mbali, nyingi kwa fayawoli moja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanalenga ofisi ndogo za Mombasa: wakala wa forodha Shimanzi, mhasibu Nkrumah Road, hoteli Bamburi, shule yenye chumba cha kompyuta. Mfano wetu ni mmoja tangu mwanzo: kompyuta sita za Windows, ruta moja, laini moja ya fiba, na makarani wanaotaka kumaliza kazi za jioni wakiwa Likoni, Mtwapa au Mikindani bila kurudi mjini.

Kwa nini nikiwa nyumbani siwezi kuandika tu anwani ya kompyuta ya ofisini?

Kwa sababu anwani hiyo ni ya ndani. Anwani zinazoanza na 192.168, na 10, na zile za 172.16 hadi 172.31, zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na ofisi zisizo na idadi duniani zinazitumia kwa wakati mmoja. Huko nje ofisi yenu yote inaonekana kwa anwani moja, ya ruta. Kompyuta ya ndani ikiomba kitu nje, ruta inaandika nani aliyeomba ili jibu lirudi kwake. Ombi likitoka nje bila kutarajiwa, ruta haina pa kulipeleka, na fayawoli, yaani ulinzi wa ruta unaochuja kinachoingia, inalitupa. Hiyo si hitilafu. Ndiyo kazi yake.

Fundi ametuambia dawa ni kufungua poti 3389 kwenye ruta. Tufungue?

Msifungue. Poti ni mlango wenye namba ambao programu hupokelea maombi, na 3389 ndiyo Remote Desktop, njia ya Windows ya kutumia kompyuta ukiwa mbali, inayosikilizia, na kila anayetafuta kompyuta za kuvamia anaijua. Kuna programu zinazopita anwani zote za intaneti mchana na usiku zikigonga poti hiyo. Ikijibu, majaribio ya nywila yanaanza, na jina la kwanza kujaribiwa huwa Administrator. Ofisi nyingi zilizokuta mafaili yamefungwa na kudaiwa fidia ziliingiliwa kwa mlango huu huu.

Nywila ngumu inasaidia, lakini haitoshi. Mwezi Mei 2019 Microsoft ilitangaza kasoro iliyopewa jina BlueKeep, iliyogusa Windows 7, Windows Server 2008 na matoleo ya zamani zaidi. Mshambuliaji hakuhitaji nywila. Alihitaji poti iwe wazi tu. Na Windows 10 iliacha kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kasoro ijayo ya namna hiyo itazikuta kompyuta nyingi bila kinga.

Je, tukiipa kila kompyuta poti yake, 33901, 33902, na kuendelea?

Kiufundi inafanya kazi, na kwa miaka mingi ndivyo watu walivyofanya. Kwenye ruta unaandika kwamba kinachoingia kwa poti 33901 kipelekwe 192.168.47.21 poti 3389, cha 33902 kiende 192.168.47.22 poti 3389, mpaka zote sita zimalizike. Ukiwa nje unaandika anwani ya ofisi, nukta mbili, kisha poti. Hakuna haja ya kugusa rejista ya Windows kubadilisha poti ndani ya kompyuta. Ruta ndiyo inayotafsiri. Wanaoibadilisha ndani mara nyingi husahau kwamba fayawoli ya Windows bado inaruhusu 3389 peke yake, halafu wanashinda siku nzima wakilaumu ruta.

Shida ni kwamba sasa una matundu sita badala ya moja, na kuyaita namba ngeni hakuyafichi. Programu za kuchunguza hazitazami namba, zinatazama jibu, na Remote Desktop hujitambulisha papo hapo. Mkilazimika kupita njia hii kwa muda, kila kanuni ya kupitisha poti iwe na sharti la anwani inakotoka, yaani ikubali anwani ya tawi lenu la Nairobi tu, kwa mfano. Ruta isiyo na sehemu ya kuweka sharti hilo haifai kwa kazi hii.

Basi njia ipi ni sahihi?

VPN kwanza, yaani njia ya siri iliyosimbwa kati ya laptopu na ofisi, kisha Remote Desktop ndani yake. Ni kama jengo la Moi Avenue: mlango wa barabarani mmoja wenye askari, na ukishapita unaenda ofisi yoyote unayoruhusiwa. Kutoka nje panaonekana mlango mmoja. Ndani kila kompyuta inabaki na anwani yake ya kawaida na poti yake ile ile 3389. Kompyuta ya saba ikinunuliwa, hakuna poti mpya ya kufungua kwa nje.

Kwa ofisi ndogo tunapendekeza programu ya VPN iitwayo WireGuard. Mipangilio yake ni michache, inatumia poti moja ya UDP (kwa kawaida 51820), na haimjibu mtu asiye na ufunguo sahihi, kwa hiyo anayechunguza kutoka nje hajui kama kuna kitu hapo. OpenVPN, kwa kawaida UDP 1194, nayo ni nzuri ila ina vitu vingi vya kukosea. PPTP bado imo kwenye ruta za zamani. Iacheni, usimbaji wake ulivunjwa kitambo.

Ofisi kubwa yenye Windows Server inaweza kuweka RD Gateway, inayopitisha Remote Desktop ndani ya HTTPS kwa poti 443. Hiyo inataka cheti halali na mtu wa kuitunza. Kwa kompyuta sita ni mzigo bila sababu.

Nitajuaje kama laini yetu ina anwani ya umma?

Hili liangalieni kabla ya kununua chochote, maana ndilo linalokwamisha watu wengi. Ingia kwenye ruta, tazama anwani ya upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Kisha, kwenye kompyuta ya ofisini, tafuta tovuti yoyote inayokuonyesha anwani yako ya IP. Zikifanana, mna anwani ya umma. Zikitofautiana, kuna kitu katikati.

Kama ya WAN iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndivyo ilivyo kwa vifurushi vingi vya nyumbani na karibu intaneti yote ya simu. Hapo hata ufungue poti gani kwenye ruta yako hakuna kitakachoingia, kwa sababu ombi linaishia kwenye vifaa vya mtoa huduma. Kama ya WAN inaanza na 192.168 au 10, huenda ni hali hiyo hiyo, au kuna ruta mbili mfululizo: kifaa cha fiba kinafanya kazi ya ruta, na ruta yenu imechomekwa nyuma yake. Mwombe mtoa huduma akiweke kifaa chake kwenye hali ya daraja, au kwenye kifaa hicho upitishe UDP 51820 kwenda kwa ruta yenu.

Kwa anwani iliyofichwa na mtoa huduma dawa ni mbili: kulipia anwani ya kudumu, ambayo huja na vifurushi vya biashara, au kutumia huduma kama Tailscale au ZeroTier, ambapo kompyuta za pande zote mbili ndizo zinazopiga simu nje na kukutanishwa huko. Tailscale imejengwa juu ya WireGuard. Inawekwa kwenye kila kompyuta ya ofisini na kila laptopu ya nyumbani, na fayawoli haiguswi kabisa.

Anwani ya umma tunayo, lakini inabadilika kila ruta ikizimwa.

Tumieni DNS inayojisasisha, yaani jina linaloifuata anwani ya ruta kila inapobadilika. Ruta za MikroTik zinayo bure: ukiandika `/ip cloud set ddns-enabled=yes` utapewa jina linaloishia na sn.mynetname.net. Mnaliweka jina hilo mahali pa anwani. Anwani ikibadilika wakati VPN imewashwa, izime uiwashe, kwa sababu WireGuard hulitafuta jina pale inapoanza tu.

Kompyuta za ofisini zinaandaliwaje?

Kwanza anwani za ndani. Kama mtandao wenu ni 192.168.1.x au 192.168.0.x, ubadilisheni sasa. Ruta nyingi za nyumbani zinatumia namba hizo hizo, na karani akiwa Mtwapa kwenye 192.168.1.x akiitafuta 192.168.1.21 ya ofisini, laptopu yake itaitafuta sebuleni kwake. VPN itaonyesha imeunganika na hakuna kitakachofunguka. Chagueni namba isiyo ya kawaida. Sisi hapa tumechukua 192.168.47.x. Kisha kwenye ruta mzifungie kompyuta anwani zao za DHCP (zile ruta inazogawa) zisibadilike: ya kwanza .21, ya mwisho .26. Bandikeni karatasi yenye namba juu ya kila kompyuta. Inaonekana ni kitu kidogo mpaka siku ya kuelekezana kwa simu.

Kisha kwenye kila kompyuta, "Settings", "System", "Remote Desktop", washa. Acha alama ya kudai Network Level Authentication ilivyo. Inamlazimisha mtu athibitishwe kabla ya kuonyeshwa dirisha la kuingilia. Chini yake ongeza majina ya wanaoruhusiwa. Wenye cheo cha msimamizi wanaruhusiwa bila kuandikwa, na hii ni sababu mojawapo ya kutowapa makarani cheo hicho.

Kila akaunti iwe na nywila. Windows haikubali mtu aingie kwa mbali na akaunti isiyo na nywila. Halafu zuia majaribio ya kubahatisha. Fungua Command Prompt kama msimamizi:

`net accounts /lockoutthreshold:10 /lockoutduration:10 /lockoutwindow:10`

Mtu akikosea mara 10 ndani ya dakika 10, akaunti inafungwa dakika 10. Windows 11 kuanzia toleo la 22H2 ikiwekwa upya huja na kanuni hii tayari.

Kompyuta yetu moja ina Windows Home.

Home inaweza kuingia kwa wengine lakini haiwezi kuingiliwa kwa Remote Desktop. Lipieni Pro, au kwa kompyuta hiyo moja tumieni RustDesk, AnyDesk au Chrome Remote Desktop. Zile programu za kuichokora Home ikubali huvunjika kila Windows ikijisasisha, na zinakiuka leseni.

VPN yenyewe inawekwaje kwenye ruta?

Tuchukue MikroTik yenye RouterOS toleo la 7, maana ziko nyingi mjini na bei zake si mbaya. Toleo la 6 halina WireGuard, kwa hiyo sasisheni kwanza. Fungueni dirisha la amri:

```
/interface wireguard add name=wg-ofisi listen-port=51820
/ip address add address=10.66.0.1/24 interface=wg-ofisi
/ip firewall filter add chain=input protocol=udp dst-port=51820 action=accept
```

Amri ya tatu ndiyo inayowapiga chenga wengi. Fayawoli husoma kanuni kutoka juu kwenda chini na kufuata ya kwanza inayolingana. Kanuni mpya huangukia mwisho, chini ya ile inayotupa kila kitu kisichotoka LAN (mtandao wa ndani), kwa hiyo haifikiwi kamwe. Kwenye orodha ya kanuni za fayawoli, ivute kwa kipanya ipande juu ya hiyo ya kutupa. Ukitazama safu ya hesabu za pakiti, kanuni yako ikibaki sifuri huku mtu anajaribu kutoka nje, ama iko mahali pabaya au pakiti hazifiki kwenye ruta kabisa. Rudi kwenye swali la anwani ya umma.

Kwenye laptopu ya karani weka programu ya WireGuard, uunde handaki jipya tupu. Programu inatengeneza jozi ya funguo: wa siri usitoke kwenye laptopu hiyo, wa wazi uutume kwa anayesimamia ruta. Yeye anaandika:

```
/interface wireguard peers add interface=wg-ofisi public-key="UFUNGUO-WA-WAZI-WA-LAPTOPU" allowed-address=10.66.0.2/32
```

Na kwenye laptopu:

```
[Interface]
PrivateKey = UFUNGUO-WA-SIRI-WA-LAPTOPU
Address = 10.66.0.2/32

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO-WA-WAZI-WA-RUTA
Endpoint = JINA-LA-OFISI:51820
AllowedIPs = 10.66.0.0/24, 192.168.47.0/24
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa AllowedIPs unasema ni safari zipi zipite ofisini. Ulivyo hapo ni za ofisi tu. YouTube ya nyumbani inabaki nyumbani. Ukiandika 0.0.0.0/0 kila kitu kitapita kwenye fiba ya ofisi, na wenzako watakuja kukutafuta.

Karani wa pili apewe 10.66.0.3, wa tatu 10.66.0.4. Kila kifaa kiwe na funguo zake na anwani yake. Watu wakigawana faili moja la mipangilio kwa WhatsApp, ruta itampelekea majibu yule aliyezungumza mwisho, na wote wawili watalalamika kwamba laini inakatika kila baada ya sekunde chache.

Mwisho, punguza wanachoweza kufikia:

```
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wg-ofisi dst-address=192.168.47.0/24 protocol=tcp dst-port=3389 action=accept
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wg-ofisi dst-address=192.168.47.0/24 protocol=udp dst-port=3389 action=accept
/ip firewall filter add chain=forward in-interface=wg-ofisi action=drop
```

Hivi, hata laptopu ya nyumbani ikiwa na virusi, haiwezi kuzigusa folda za pamoja za ofisini moja kwa moja. Ukitaka kila mmoja afike kwenye kompyuta yake tu, gawa kanuni ya kwanza na ya pili kwa mtu: `src-address=10.66.0.2`, `dst-address=192.168.47.21`, na kadhalika. Ni kazi ya nusu saa na inafaa, hasa pale penye mshahara au hesabu za wateja.

VPN inasema imeunganika, ila Remote Desktop inakataa.

WireGuard huonyesha "Active" hata kama haijaongea na mtu. Tazama mstari wa "latest handshake", yaani salamu ya mwisho kati ya laptopu na ruta. Kama haupo, hamjaunganika: ufunguo umekosewa, jina la ofisi linaelekeza kwingine, au poti haifiki. Sababu moja isiyofikiriwa ni saa. Kompyuta kuukuu iliyokufa betri ya ubao mama ikiwashwa inarudi miaka nyuma, na ruta inakataa salamu yenye tarehe ya zamani kuliko ile ya mwisho iliyoipokea. Rekebisha saa, itaingia.

Kama salamu ipo, fungua PowerShell kwenye laptopu:

`Test-NetConnection 192.168.47.21 -Port 3389`

Usitegemee ping, ile amri ya kuuliza kama kompyuta ipo. Fayawoli ya Windows kwa kawaida haijibu ping itokayo mtandao mwingine, na wewe sasa unatoka 10.66.0.x, kwa hiyo ping inaweza kushindwa huku kila kitu kiko sawa. Jibu likiwa True, mtandao hauna tatizo. Shida ni jina au nywila. Likiwa False, fuata njia hatua kwa hatua. Kompyuta imewaka na haijalala? Kompyuta ya jirani ofisini ikijaribu amri hiyo hiyo inapata True? Ikikosa, Remote Desktop haijawashwa, au kuna programu ya kuzuia virusi yenye fayawoli yake. Ikipata na wewe unakosa, angalia kama kanuni ya fayawoli ya Windows imewekewa mtandao wa ndani tu, ongeza 10.66.0.0/24.

Bado? Tazama lango la mtandao (gateway) la hiyo kompyuta, yaani ruta inayoitumia kutoka nje. Ofisi zenye laini mbili, moja ya fiba na moja ya akiba, mara nyingi zina ruta mbili, na kompyuta inayotumia ruta ya akiba itapokea ombi lako vizuri kisha itume jibu kwa ruta isiyoijua 10.66.0.x. Jibu linapotelea huko.

Jambo jingine: msijaribu VPN mkiwa kwenye Wi-Fi ya ofisi hiyo hiyo. Ruta nyingi hazijui kumgeuza mtu wa ndani anayegonga mlango wa nje. Washa data ya simu, unganisha laptopu kwa hotspot, ndipo ujaribu.

Inafika kwenye nywila, inaikataa, na nina hakika ni sahihi.

Ile PIN ya tarakimu nne haitumiki kwa mbali. Inataka nywila kamili. Kama kompyuta inaingiwa kwa akaunti ya Microsoft, andika jina hivi: `MicrosoftAccount\` ikifuatwa na barua pepe. Na kama mtu amekuwa akiingia kwa PIN au uso tangu siku ya kwanza, kompyuta inaweza kuwa haijawahi kuiona nywila yake. Akae mbele yake mara moja aingie kwa nywila, kisha ajaribu tena. Ujumbe unaotaja CredSSP maana yake upande mmoja haujasasishwa tangu marekebisho ya 2018. Sasisheni Windows, msizime ulinzi.

Watu wawili wanaweza kutumia kompyuta moja kwa pamoja?

Kwa Windows ya kawaida hapana. Anayeingia kwa mbali anafungia kioo aliye ofisini, na aliye ofisini akiingia anamtoa wa mbali. Windows Server inaruhusu wasimamizi wawili bila malipo ya ziada. Zaidi ya hapo inahitaji leseni za Remote Desktop kwa kila mtumiaji au kifaa, baada ya siku 120 za majaribio.

Tunahitaji intaneti ya kasi gani?

Mwongozo wa Microsoft unakadiria Mbps 1.5 kwa mtu wa kuingiza data tu, Mbps 3 kwa kazi za ofisi za kawaida na 5 kwa kazi nzito. Kinachohesabiwa ofisini ni kasi ya kupakia, kwa sababu picha ya kioo inatoka ofisini kuja kwako. Makarani wanne kwa Mbps 3 ni Mbps 12 za kupakia. Kama kifurushi chenu kinatoa 20 kushusha na 5 kupakia, hapo ndipo penye kigugumizi.

Kuchelewa ni jambo jingine. Chini ya milisekunde 150 kazi inakwenda vizuri. Kati ya Nyali na Shimanzi hamfiki karibu na hapo, mradi safari ibaki nchini. Huduma zinazopitia seva ya katikati zinaweza kukupeleka Ulaya na kukurudisha ili ufungue kompyuta iliyo kilomita tano kutoka kwako. Kebo za baharini zikikatika, kama EASSy na SEACOM mwezi Mei 2024, huduma za namna hiyo huzorota huku VPN ya moja kwa moja ndani ya nchi ikiwa na nafasi kubwa ya kuendelea.

Ikiwa nzito, kwenye dirisha la Remote Desktop ondoa picha ya mandhari, punguza rangi hadi biti 16, na usifungue vioo viwili.

Stima ikipotea?

Kwenye BIOS ya kila kompyuta, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, tafuta kipengele cha nini kifanyike umeme ukirudi, ukiweke iwake. Bila hivyo stima ikipotea kwa sekunde tano saa mbili usiku, inawafungia nje wote hadi asubuhi. Ruta na kifaa cha fiba viwe kwenye UPS yao peke yao. Kwa pamoja kwa kawaida havizidi wati 20, kwa hiyo UPS ndogo ya betri ya volti 12, 7Ah, ikiwa mpya, inavishikilia kama saa mbili. Msichomeke printa ya leza hapo.

Kwa ofisi za karibu na bahari, kagueni pia vichwa vya kebo vya kwenye dari na nje ya ukuta. Hewa ya chumvi huzifanya pini zake zipate kutu, na dalili ya kwanza ni laini inayokatika nyakati za unyevu, ambayo watu huilaumu VPN.

Kompyuta inalala kila baada ya nusu saa.

`powercfg /change standby-timeout-ac 0` inaizuia kulala. Mkipenda kuokoa umeme, washeni Wake-on-LAN (kuiamsha kompyuta kupitia mtandao) kwenye BIOS na kwenye kadi ya mtandao, mzime "Fast startup". Pakiti ya kuamsha haivuki VPN kwa sababu ni tangazo la mtandao wa ndani, kwa hiyo iagize ruta iitume: `/tool wol interface=bridge mac=AA:BB:CC:DD:EE:FF`, kwa anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kompyuta husika. Kompyuta iwe kwenye kebo. Kwa Wi-Fi usitegemee.

Naweza kuchapisha nyumbani na kuhamisha mafaili?

Printa ndiyo, kwenye "Local Resources" weka alama kwa "Printers". Diski msiziunganishe, isipokuwa kuna haja na kwa muda huo tu: diski ya nyumbani ikiunganishwa, virusi vya nyumbani vina njia ya kuingia.

Kwa simu au Mac?

WireGuard ipo kwa Android, iPhone na Mac. Programu ya Microsoft ya kuingilia siku hizi inaitwa Windows App. Kwa simu ya inchi sita utaangalia kama shehena imetolewa, hutaandika ankara.

Tutajuaje nani aliingia, na lini?

Kwenye Event Viewer, kumbukumbu za "Security": tukio 4624 lenye aina ya kuingia 10 ni mtu aliyefaulu kwa mbali, 4625 ni aliyeshindwa. Kwa kuwa VPN inampa kila mmoja anwani yake, anwani ya 10.66.0.x inakuonyesha ni kifaa cha nani. Ukikuta 4625 nyingi zenye anwani za nchi za mbali, kuna mtu aliacha poti wazi kwenye ruta; itafute leo leo.

Mkigundua taarifa za wateja zimefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli kwao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwenye ofisi amjulishe Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Kumbukumbu hizo ndizo mtakazoulizwa, kwa hiyo ongezeni ukubwa wa faili la "Security" ili lisijifute kila wiki.

Karani ameacha kazi. Tubadilishe kila kitu?

Hapana. Futa peer yake kwenye ruta, yaani ule mstari wenye ufunguo wake. Tangu dakika hiyo ufunguo wake hauna kazi na wengine hawaguswi. Kisha zima akaunti yake ya Windows kwenye kila kompyuta aliyoruhusiwa. Kama mlikuwa mnatumia akaunti moja ya pamoja, hapo ndipo mtalazimika kubadilisha nywila kote na kuwapigia wote simu.